Sekunde 13 za Arrowhead: Mfumo Ulikosea, au Wachezaji Hawakuutekeleza?

Tarehe 23 Januari 2022, katika uwanja wa Arrowhead mjini Kansas City, timu ya futiboli ya Marekani ya Buffalo Bills ilikuwa inaongoza kwa pointi 36 dhidi ya 33 za wenyeji wao, Kansas City Chiefs, huku saa ya mchezo ikiwa imebakiza sekunde 13. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, yaani mchezaji anayerusha mpira, alimrushia Tyreek Hill mpira uliozaa yadi 19, Chiefs wakaomba taimauti, yaani mapumziko yanayosimamisha saa, zikiwa zimesalia sekunde 8. Akamrushia Travis Kelce, zikapatikana yadi 25 nyingine, na taimauti ya pili ikasimamisha saa kwenye sekunde ya 3. Harrison Butker akaupiga mpira kwa mguu kutoka umbali wa yadi 49, ukapita katikati ya nguzo, matokeo yakawa 36 kwa 36. Katika muda wa ziada Chiefs walishinda kura ya sarafu, wakasonga yadi 75 bila safu ya ushambuliaji ya Bills kupata mpira hata mara moja, na Kelce akaumaliza mchezo kwa tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani. Bills walitolewa kwenye mtoano kwa 42 dhidi ya 36.

Kinachofanya mchezo huo ustahili kuchambuliwa hadi leo ni kwamba waliofungwa hawakuwa na ulinzi dhaifu. Msimu ule Bills ndio walioruhusu yadi chache na pointi chache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi ya NFL, na kocha wao mkuu wakati huo, Sean McDermott, alikuwa mtu aliyejijengea jina kwa kufundisha ulinzi, akisaidiwa na Leslie Frazier, ambaye ndiye aliyekuwa akiita mipango ya ulinzi wakati wa mchezo. Alipoulizwa baada ya kipigo, McDermott alisema tatizo lilikuwa utekelezaji. Kauli hiyo ni nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu kocha anaposema hivyo anamaanisha kwamba mpango ulikuwa sahihi na kwamba waliopewa kuutekeleza ndio walioshindwa.

Upande wa makocha una hoja ambazo si za kupuuzwa. Mfumo wao ulisimama juu ya mabeki wawili wa nyuma kabisa, Micah Hyde na Jordan Poyer, waliokuwa wamezoeana kiasi cha kuweza kuficha nia yao hadi mpira unapoanza kuchezwa, na juu ya ulinzi wa maeneo ambamo kila mchezaji humtazama kwotabeki badala ya kumfuata mtu mmoja. Kusudi la mfumo huo ni kumnyima mpinzani mpira mrefu na kumlazimisha asogee kidogo kidogo mpaka akosee mwenyewe, nao uliwapa mafanikio ya misimu kadhaa. Tena, beki wao bora wa pembeni, Tre'Davious White, alikuwa nje tangu Novemba kwa jeraha la goti. Na dakika moja tu kabla ya zile sekunde 13, Hill alikuwa amepokea mpira na kukimbia hadi mwisho wa uwanja kwa tachidauni ya yadi 64. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na si ajabu kwamba benchi la Bills liliwaza kwanza namna ya kumzuia mtu huyo asiwapite tena.

Wanaowatetea makocha wanaweza pia kuutaja mchezo wa tarehe 14 Januari 2018 mjini Minneapolis. New Orleans Saints waliongoza kwa 24 dhidi ya 23, zilibaki sekunde 10, na Minnesota Vikings walikuwa kwenye mstari wao wa yadi 39 bila taimauti hata moja. Kwa hali hiyo Vikings walilazimika kurusha mpira karibu na mstari wa pembeni ili mpokeaji atoke nje na saa isimame, na walinzi wa Saints walikuwa wamepangwa kulingana na hitaji hilo. Case Keenum akamrushia Stefon Diggs huko huko pembeni. Beki Marcus Williams alijitupa kumkaba, akamkosa, akamwangusha mwenzake, na Diggs akabaki peke yake akikimbia kwenda kufunga tachidauni ya yadi 61. Hapo mpango haukuwa na kasoro ya maana. Alichotakiwa Williams kufanya ni kumwacha Diggs aushike mpira, kisha amwangushe ndani ya uwanja na kuiacha saa iishe. Kwa tukio kama hilo neno utekelezaji linafaa kabisa, japokuwa inasikitisha kwamba kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza ndiye aliyeubeba mzigo huo.

Lakini ukiuweka mchezo wa Minneapolis kando ya ule wa Kansas City, utetezi wa Bills unaanza kupwaya. Vikings hawakuwa na taimauti, ilhali Chiefs walikuwa nazo zote tatu. Timu yenye taimauti tatu haihitaji mstari wa pembeni, kwa kuwa inaweza kuisimamisha saa kutoka sehemu yoyote ya uwanja. Chiefs walianzia kwenye mstari wao wa yadi 25 na walihitaji takriban yadi 40 ili Butker awe katika umbali anaoumudu, kwa hiyo eneo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote lilikuwa katikati, kati ya yadi 10 na 25 mbele ya mpira. Bills waliliacha wazi eneo hilo hilo. Mabeki wao walisimama mbali, wengine wakielekeza miili yao upande wa nje kana kwamba wanalinda mstari ambao mpinzani hakuuhitaji. Hill aliupokea mpira akiwa na nafasi ya kukimbia kabla ya kufikiwa na mtu. Kelce naye alipita moja kwa moja katikati bila kuzuiwa mapema, ingawa sheria inamruhusu mlinzi kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 za mwanzo, na msukumo mmoja halali ungemlia sekunde moja au mbili kati ya zile 8.

Ni kweli kwamba wachezaji walikuwa na sehemu yao ya makosa, kwa maana ndani ya mpango wowote mlinzi anaweza kusogea hatua mbili akigundua hatari iko wapi. Hata hivyo, makosa ya mtu mmoja mmoja huwa tofauti kila mara, na pale walinzi karibu wote wanaposimama mahali pasipofaa katika mipango miwili mfululizo, mimi huona kosa limeanzia kwenye maelekezo. Bado kuna suala la mpira wa kuanzishia zile sekunde 13, ambao Tyler Bass wa Bills aliupiga ukavuka hadi nje ya mwisho wa uwanja, hivyo saa haikutembea hata sekunde moja. Kuupiga mfupi na chini kungewalazimisha Chiefs kuushika na kupoteza sekunde kadhaa, ingawa pengine wangeanzia mbele zaidi. Wapo wanaoona hatari hiyo ilikuwa kubwa mno. Kwangu, sekunde 4 zilikuwa na thamani kuliko yadi 10.

Je, dawa ilikuwa ni kushambulia badala ya kujihami? Mchezo wa New York Jets dhidi ya Las Vegas Raiders wa tarehe 6 Desemba 2020 unaonya dhidi ya jibu la haraka. Jets walikuwa mbele kwa pointi 4, na kocha wao wa ulinzi, Gregg Williams, aliamuru kundi kubwa la walinzi wamvamie kwotabeki Derek Carr, bila kumwacha beki hata mmoja nyuma wa kusaidia. Carr akamrushia Henry Ruggs tachidauni ya yadi 46 zikiwa zimebaki sekunde 5, Raiders wakashinda 31 kwa 28, na Williams akafukuzwa kazi kesho yake. Raiders walihitaji tachidauni, hivyo nyuma ndiko kulikopaswa kulindwa. Chiefs walihitaji mpigo wa mguu tu, hivyo katikati ndiko kulikopaswa kulindwa. Williams na benchi la Bills walichagua mbinu zinazopingana kabisa, lakini wote walisahau kuuliza mpinzani anahitaji nini.

Buffalo walijaribu kubadilisha watu. Frazier aliamua kupumzika msimu wa 2023, McDermott akachukua mwenyewe kazi ya kuita mipango ya ulinzi, na Januari 2024 wakafungwa tena na Chiefs, 27 kwa 24, safari hii nyumbani, wakiwa na majeruhi wengi kiasi kwamba A.J. Klein, aliyesajiliwa siku chache tu kabla, ndiye aliyeanza katika nafasi ya mlinzi wa katikati. Kwa kipigo hicho sioni haki ya kuulaumu mfumo. Msimu uliofuata kazi hiyo ikapewa Bobby Babich, na Januari 2025 matokeo yakawa 32 kwa 29, Chiefs tena.

Katika mchezo huo wa mwisho, jambo lililonigusa zaidi lilifanywa na kocha wa ulinzi wa upande wa pili. Bills walikuwa nyuma kwa pointi 3, dakika mbili hivi zikibaki, jaribio la nne, yaani la mwisho, yadi 5 za kuvuka. Steve Spagnuolo hakuwarudisha walinzi wake nyuma kusubiri. Alituma uvamizi ambao safu ya Bills haikuupokea vizuri, na kwotabeki wao, Josh Allen, akirudi nyuma huku akikaribiwa, alilazimika kuutupa mpira juu kuelekea kwa Dalton Kincaid kabla hajajipanga. Kincaid aliufikia lakini hakuudaka. Spagnuolo alijua kwamba Bills walihitaji yadi 5 na muda wa kuzitafuta, na kwa kuwa yadi hizo asingeweza kuzilinda zote, aliwanyima muda.