Menejimenti, digrii iliyobaki baada ya waajiri wake kuondoka

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ushauri wa nyumbani haubadiliki: omba udaktari, omba uhandisi, omba uhasibu, vikigoma vyote ndiyo ujaze menejimenti. Anayeitaka kwa moyo wake huulizwa na wajomba, "Sasa ukimaliza utakuwa nani?" Mhasibu ana CPA, cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu NBAA, mbele yake, mtu wa ugavi ana bodi ya PSPTB ya kumsajili. Aliyesoma utawala wa biashara ana cheti chake na akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali.

Wanaoibeza digrii hii wana hoja. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba huwezi kumfundisha umeneja darasani mtu ambaye hajawahi kusimamia chochote. Ni kweli pia kwamba mameneja wengi wazuri walianza na kitu kingine: muuguzi aliyepewa wodi, fundi aliyepewa karakana. Kijana wa miaka 22 anayejua nadharia za motisha lakini hajawahi kupanga zamu za walinzi wawili, mwajiri atamtilia shaka, na sioni kosa la mwajiri huyo.

Ila somo linatupiwa lawama nyingi ambazo zilipaswa kwenda kwa historia. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ilijikuta na benki, vinu na biashara ya jumla mikononi, bila watu wa kutosha wa kuviendesha. IFM, chuo cha usimamizi wa fedha pale Dar es Salaam, na IDM, chuo cha uongozi wa maendeleo pale Mzumbe, vyote vilianzishwa mwaka 1972, wakati wa njaa hiyo ya watendaji. Mhitimu alikuwa na pa kwenda: benki ya NBC, Shirika la Usagishaji, RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa. Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji na sehemu kubwa ya mashirika hayo ikauzwa au ikafa. Kilichobaki ni matarajio ya wazazi na wanafunzi, kwamba ukisoma menejimenti kuna ofisi mahali fulani inakusubiri.

Kwamba kazi yenyewe haina maana, hilo silikubali, na sababu yangu ni asilimia 17. Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake waliingia kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Viwanda vingine vilifanyiwa uchunguzi tu. Vingine viliongezewa miezi kadhaa ya washauri wa kusimamia mabadiliko hapo hapo kiwandani. Uzalishaji wa hivi vya pili ulipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza.

Kilichofanyika hakina mbwembwe. Nyuzi zilizokuwa zimerundikwa stoo bila lebo zilipangwa na kuorodheshwa. Mashine ikiharibika, iliandikwa imeharibika lini na kwa nini. Kitambaa chenye kasoro kilihesabiwa badala ya kushonwa upya kimyakimya. Wenye viwanda wengi waliamini tangu mwanzo kwamba mambo yao yako sawa.

Mpinzani atasema: hao walikuwa washauri ghali, tena walifundisha kiwandani, siyo kwenye ukumbi wa mihadhara. Sawa. Lakini watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye, karibu nusu ya taratibu zile zilikuwa zimeachwa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kuondoka kwa meneja. Aliyekuja nyuma yake hakuziendeleza. Kwangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko ile 17 yenyewe. Ujuzi ukikaa kichwani mwa mtu mmoja aliyeupata kwa bahati, unaondoka naye. Pakiwa na watu wengi waliousomea, anayerithi kiti anajua kwa nini daftari lile lipo.

Sasa twende Mtwara, kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho. Tangu uanze mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza mazao kupitia ghala, mzigo wa mkulima unapita kwa karani wa mizani, unaingia ghala la chama, unasafirishwa hadi ghala kuu, unauzwa mnadani, ndipo pesa irudi. Katikati anasimama katibu meneja, mtendaji wa chama. Uzito ukipungua njiani, yeye ndiye anayetakiwa kueleza: ni unyaufu wa kawaida, yaani korosho kukauka, ni mizani, au ni mkono wa mtu? Hiyo ni stoo ya Mumbai kabisa. Lakini wanafunzi wa menejimenti ninaowafahamu, ikifika wakati wa fildi, barua zao zinakwenda benki, TRA na bandarini.

Pale ambapo somo limeungwa na kazi inayojulikana, kelele hupungua. Mzumbe wana shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, na anayeimaliza anaweza kuomba nafasi ya katibu wa afya: mtu wa bajeti, watumishi, magari na majengo, ili daktari abaki na wagonjwa. Huyo wajomba hawamuulizi atakuwa nani. Moshi nao, kwenye chuo kikuu cha ushirika, wanafundisha usimamizi wa ushirika pamoja na uhasibu. Digrii ya jumla isiyo na sekta ndiyo ninayoweza kumwambia kijana aifikirie mara mbili.

Kuna mahali ambapo wabezaji wananishika. Mshahara wa katibu meneja unategemea ushuru ambao chama kinakata kwa kila kilo, na msimu ukiwa mbaya, hali yake nayo ni mbaya. Mhitimu mwenye deni la Bodi ya Mikopo, ambalo mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, ana sababu za kutosha za kungoja tangazo la kazi la halmashauri. Wanachama nao hawaoni kwa nini wamlipe mgeni mwenye digrii wakati kijana wa kijijini anajua kuandika. Hoja ya kuwashawishi wakae mkutano mkuu wakubali ipo, lakini ni ya takwimu: kilo ngapi za msimu uliopita ziliandikwa unyaufu, na kwa bei ya mnada zilikuwa shilingi ngapi. Ni vyama vingapi vinaweza kuitoa hesabu hiyo leo?