Mwongozo wa Tusome umewainua wengi, ila umewaacha wapi wa Turkana?

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 hutimiza miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi. Kusini mwa Jangwa la Sahara ni karibu 9 kati ya 10. Wengi wao wako shuleni, wana sare na madaftari, na kila mwaka wanapanda darasa. Kuwaandikisha tumeweza, kuwafundisha kusoma bado.

Kenya ilijaribu dawa yake. Baada ya PRIMR, majaribio ya kufundisha kusoma na hesabu yaliyoanza 2011, mpango wa kusoma uitwao Tusome ulizinduliwa 2015 katika shule za msingi za umma nchi nzima, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza. Kila mtoto alipewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, badala ya watatu au wanne kung'ang'ania kimoja. Mwalimu alipewa mwongozo unaompitisha katika kipindi hatua kwa hatua: leo sauti hii, silabi hizi, maneno haya, soma wewe kwanza, someni pamoja, kisha wasome wenyewe. Maafisa wa Usaidizi wa Mtaala nao walipewa tableti, wakawa wanaketi nyuma ya darasa, wanawasikiliza watoto wachache wakisoma mmoja mmoja, kisha wanazungumza na mwalimu kuhusu walichokiona.

Ubishi mkubwa umekuwa juu ya huo mwongozo. Wanaoupinga wanasema mwalimu aliyesomea kazi yake hafai kufanywa kipaza sauti cha mtu aliyeandika somo akiwa ofisini Nairobi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Chukua darasa la watoto 70. Mwongozo unasema leo ni silabi za "nya", na theluthi ya darasa bado inachanganya "b" na "d". Mwalimu mzoefu angerudi nyuma siku mbili. Lakini afisa akija, anatarajia kukuta somo la wiki hii, kwa hiyo mwalimu anasonga mbele na wale wa nyuma wanabaki wakifungua midomo pamoja na wenzao.

Hata hivyo, nikipima yote, niko upande wa mwongozo. Walimu wengi wa darasa la kwanza walihitimu vyuoni bila kufundishwa barabara namna mtoto anavyoanza kusoma. Mtoto wa mwenye nacho hilo halimwumizi sana, kwa kuwa ana vitabu nyumbani na mtu wa kumsomea jioni. Mtoto wa kibarua hana mwingine ila mwalimu huyo mmoja. Na matokeo yalionekana mapema: idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana. Watafiti waliolinganisha miongozo ya nchi mbalimbali wameona pia kwamba ile inayomwandikia mwalimu kila neno hufanya vibaya kidogo kuliko ile iliyorahisishwa. Kwa hiyo wakosoaji walikuwa na haki kuhusu kipimo cha dawa, hata kama walikosea kuikataa yote.

Linalonisumbua zaidi ni lugha, na hapa sioni juhudi za kutosha. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kutamka sentensi nzima asiyoielewa. Kigezo kilichowekwa Kenya cha kusoma kwa ufasaha ni maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika. Mtoto wa Lodwar, huko Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya, anayezungumza Kiturkana nyumbani anaweza kukifikia na bado asijue hadithi ilimhusu nani. Ukimwuliza, atarudia neno la mwisho alilolisoma. Mtoto wa Mombasa mwenye kasi hiyohiyo atakusimulia hadithi yote na kuongeza chumvi yake. Kwenye tableti ya afisa, idadi ya maneno yao ni ileile.

Sera ya kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo imekuwepo Kenya tangu ripoti ya serikali kuhusu elimu ya 1976, iitwayo ya Gachathi, na PRIMR yenyewe iliijaribu kwa lugha mbili za Kenya, Kikamba na Lubukusu: watoto walisoma vizuri zaidi katika lugha zao. Upande wa pili nao una la kusema. Kuchapa vitabu kwa lugha nyingi ni ghali, walimu huhamishwa kwenda wasikojua lugha, na wazazi wengi wanataka Kiingereza mapema kwa sababu mtihani uko kwa Kiingereza. Sababu hizo zinaeleza kwa nini Tusome ilianza na lugha mbili, lakini hazielezi kwa nini miaka zaidi ya kumi baadaye watoto wengi wa Turkana bado hawana kitabu cha kwanza wanachokielewa.

Sasa hata hizo lugha mbili ziko mashakani. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lililobeba sehemu kubwa ya gharama, lilifungwa 2025. Vitabu vya watoto wa miaka sita huchakaa upesi, na afisa asiye na nauli hafiki shule iliyo kilomita 40 kutoka barabara ya lami. Hazina ya taifa ikikosa fungu la mambo hayo mawili, vitabu na nauli, zitakazokosa kwanza ni shule za mbali, ambazo Tusome ilianzishwa kwa ajili yao pia.