Ukiondoa kila kitu, nafasi inabakia?

Juzi barazani hapa Wete jamaa yangu kauliza, hivi ukiondoa nyota zote, sayari, hewa, kila kitu, kinabakia nini? Wengi wakasema hakuna kitu, mie nikasema inabakia nafasi, basi tukabishana mpaka adhana ya isha.

Mie naamini nafasi ni kitu, na ilonifanya niamini ni ndoo. Kwetu shamba bado tunateka maji kisimani, kamba ikishajisokota ndoo inaanza kuzunguka, mwanzo maji yametulia tuli, halafu yanaifata ndoo, yanabonyea kati na kupanda pembeni. Sasa tizama hapo, maji na ndoo vinakwenda sawa, hakuna kinachompita mwenziwe, lakini maji yamebonyea, kwa hivo yanazunguka ukiyalinganisha na nini? Newton, mwanasayansi wa Uingereza, aliuliza hivohivo mwaka 1687, jawabu lake, nafasi yenyewe. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, akakataa katakata, kwake nafasi ni mpangilio tu wa vitu, hichi kipo huku na kile kule, ukiviondoa na yenyewe imeondoka.

Mie namuona Leibniz kakosea. Septemba 14, 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani, ya kunasia mitikisiko ya nafasi, kila mkono wake kilomita 4, ilinasa mtikisiko wa mashimo meusi mawili (yaani vitu vyenye mvutano mkali hata nuru haitoki) yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja nyuma, mikono ikarefuka na kufupika kwa kiasi kidogo mno kuliko protoni moja, ile chembe ya ndani ya atomi. Einstein alishasema nafasi inapinda na kutikisika, sasa kama si kitu, kilichotikisika ni nini?

Hata Kiswahili chetu, tunasema "hapa pana kisima", yaani pahala ndipo penye kisima, na pahala pana ngeli yake pekee. Si ushahidi wa sayansi, najua, lakini linanigusa sana hili.

Jamaa akanibana, wanasema ulimwengu unatanuka, unatanukia wapi? Nikamjibu, hautanukii popote, masafa baina ya galaksi ndiyo yanayokua, nje hapahitajiki. Nikamwambia mwaka 1917 de Sitter, mwanafalaki wa Uholanzi, alipata jawabu la milinganyo ya Einstein ya mvutano lenye ulimwengu usio na maada hata chembe, na nafasi ipo vilevile. Akasema hiyo hesabu tu, nani kauona ulimwengu mtupu? Hapo kanishika kwa kweli, nimelala nikiifikiria mpaka leo sijapata la kumjibu.