Fundi akisema "tupige Windows upya", diski ikloniwe kwanza

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wanabeba laptopu zao kwenda kwa fundi wawekewe Windows 11, na hata kabla ya hapo laptopu ikiwa nzito, ikiganda, ikishika virusi, dawa ya mtaani ilikuwa ni hiyo hiyo moja, tupige Windows upya, yaani ifutwe iwekwe mpya. Mimi sina ugomvi na kupiga Windows, mara nyingine ndo suluhisho la kweli. Ninachopinga ni kuipiga juu ya diski ambayo haijakloniwa, yaani diski nzima inakiliwe kwanza kwenye eksteno (diski ya nje ya kuchomeka USB) kama ilivyo, kuanzia sekta ya kwanza, ndo mtu aanze kufuta.

Angalia kinachotokea pale mezani. Fundi anakuuliza vitu vyako viko wapi, unamjibu viko desktopu na dokumenti, labda na picha kidogo. Anakopi hizo folda kwenye flashi, anafomati C, yaani anaifuta sehemu yenye Windows, kazi imeisha, unalipa unaondoka. Siku ya kufunga hesabu ndo unakumbuka programu ya mahesabu ya duka, ambayo data zake hazikuwa desktopu hata siku moja, zilikuwa ndani kwenye ProgramData ambayo Windows yenyewe inaificha usiione. Au barua pepe za miaka yote zilizokuwa kwenye faili moja la PST la Outlook, au nywila ulizohifadhi kwenye brauza, au fonti zote ulizokuwa unatengenezea kadi za harusi. Dada mwenye stesheneri anayechapa barua za mtaa mzima, mwanafunzi mwenye tasnifu yake, mpiga picha wa harusi, hawa hawajui kwa uhakika kila kitu chao kimekaa wapi kwenye diski na siwalaumu hata kidogo, programu ndo zinaamua zenyewe pa kuweka. Kwa hiyo kukopi unachokikumbuka hakutoshi, na inaniuma sana kuona mtu anapoteza kazi ya miaka mitatu kwa sababu aliulizwa swali ambalo hakuwa na namna ya kulijibu.

Najua kuna watakaosema mbona Google Drive ipo. Sawa, iwepo, tasnifu yako iwe huko kila siku. Ila ya bure ni GB 15 tu na hiyo unagawana na Gmail na picha zako, na kupandisha diski ya GB 500 kwa bando la simu ni kazi ambayo hakuna anayeimaliza. Tena huko unapandisha mafaili, hupandishi programu zilizokwishawekwa na setingi zake na ile sehemu ndogo ya EFI inayofanya mashine iwake.

Mimi natumia Clonezilla, programu ya kukloni diski. Ni ya bure, imetengenezwa Taiwan, unaiweka kwenye flashi unawashia laptopu kutoka hapo, kwa hiyo Windows yako inakuwa imelala wakati inanakiliwa. Uso wake unatisha watu, maandishi tu na mishale ya kibodi, ila kuna skrini moja tu ambayo ningeomba mtu atulie kabisa, ile ya kuchagua diski inayotoka na diski inayopokea. Hapo hutaona "C" wala jina ulilozoea, utaona sda na sdb, au nvme0n1 kama laptopu ni ya kisasa kidogo. Pembeni kuna ukubwa na modeli ya diski. Kama zote mbili ni GB 500 usikisie, soma modeli, maana ile inayopokea inafutwa yote na ukizigeuza umefuta ya kwako kwa mkono wako. Ndo maana inakuuliza zaidi ya mara moja uandike y, na kila ikiuliza soma upya, usibonyeze tu ili iendelee. Umeme ukikatika katikati na betri imekufa usipaniki, diski ya ndani ilikuwa inasomwa tu haiandikwi, utaanza upya basi.

Kuhusu diski ya kununua nina msimamo, usinunue eksteno iliyofungwa kiwandani kwa kazi hii. Baadhi ya hizo poti ya USB imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, ukiifungua hamna SATA, ile plagi ya kuichomeka ndani ya laptopu, kwa hiyo siku diski ya ndani ikifa huwezi kuichomeka mahali pake. Nunua HDD (diski ya kawaida inayozunguka) ya inchi 2.5 au SSD (diski ya chipu isiyozunguka), na kava yake ya USB pembeni. Hapo siku ya msiba unatoa mbovu unaweka hii, laptopu inawaka na kila kitu chako (hii ni kwa laptopu inayopokea SATA, kama yako ni ya NVMe, ile SSD nyembamba kama kadi, nunua NVMe na kava ya NVMe). Hakikisha ukubwa ni sawa au zaidi ya ya ndani, SSD ya GB 480 haitapokea diski ya GB 500 kwa setingi za kawaida hata kama umejaza GB 100 tu. Na zile eksteno za TB 2 za bei ya kutupa achana nazo, nyingi ndani zina memori ndogo iliyodanganywa ukubwa, zinapokea mafaili kama kawaida halafu ukija kuyafungua hayafunguki. Kama umeshainunua ipime na H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla hujaiamini na kitu chochote.

Chomeka kwenye poti ya USB 3, ile ambayo mara nyingi ni ya bluu ndani. Kwa USB 2 unapata kama MB 35 kwa sekunde, GB 500 zilizojaa zinachukua karibu masaa manne, wakati kwa USB 3 HDD ya kawaida inafika MB 100 kwa sekunde na unamaliza ndani ya saa moja na nusu hivi.

Sasa kama diski imeshaanza kuumwa, CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) inaonyesha njano au unasikia tiktik, habari inabadilika kabisa. Ya kugonga tiktik izime, kila dakika inayozunguka inazidi kujiua. Ya njano usiikloni kawaida, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo inachukua kwanza sehemu zilizo nzima halafu ndo inarudia zile mbovu, na inaandika ramani ya ilipofika kwa hiyo ukisimama unaendelea pale pale. Fundi anayepiga Windows juu ya diski ya namna hii anakufanyia ubaya mara mbili, anafuta data halafu anakurudishia mashine itakayokufa tena.

Ukimaliza kukloni zima mashine, chomoa eksteno, ndo uwashe. Ukiwasha zote zikiwa zimechomekwa Windows inaona diski mbili zenye kitambulisho kimoja, na inaweza kuiweka moja ofulaini ukadhani imeharibika. Kuchomoa kuna faida nyingine, virusi vya kufunga mafaili kama WannaCry ya Mei 2017 vinafunga pia diski yoyote vinayoikuta imechomekwa. Na kama Windows yako imefungwa na BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski isisomeke bila ufunguo, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi upo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi, bila huo kloni yako inaweza kukataa kufunguka. Halafu ijaribu. Ichomeke ndani, iwashe, fungua ile programu ya mahesabu uone namba za jana zipo.

Kloni iondoke na wewe, isibaki kibandani, maana ndani kuna nywila zako na picha zako na barua za wateja wako. Na mafundi, jamani, hii iwekeni kwenye bei kama kazi inayojitegemea, mteja alete diski yake au mumuuzie, mlipwe kwa mda mnaosubiri. Mimi hiyo hela naitoa bila kubishana, na fundi anayeniambia haina haja namwambia anirudishie laptopu yangu.