Manjano, jitayarishe na nini?

Nyekundu simama, manjano jitayarishe, kijani nenda. Mtoto wa chekechea akiimba hivyo haina neno, hana usukani mkononi. Lakini mtu mzima, ameshalipia masomo, leseni ya kujifunzia imo mfukoni, amekaa ndani ya gari yenye kibao cha L mbele na nyuma, na mwalimu wake anamuimbisha wimbo ule ule! Jitayarishe na nini, bwana wee? Kufunga mkanda? Kupiga honi? Muulize mwanafunzi yeyote, atakujibu bila ya kupepesa macho: jitayarishe kwenda. Ndiyo maana taa ikigeuka manjano hapa mjini Unguja husikii breki, unasikia injini zikinguruma.

Manjano maana yake ni simama. Simama kabla ya mstari, isipokuwa umeshakaribia mno kiasi kwamba hata ukikanyaga breki huwezi kusimama kwa salama. Hivyo ndivyo unavyosema mkataba wa kimataifa wa alama na taa za barabarani uliotiwa saini Vienna mwaka 1968. Amri moja, na "isipokuwa" moja. Ufundi wote wa kupita kwenye mataa umejificha ndani ya hiyo "isipokuwa", na hapo ndipo masomo yetu ya udereva yanaporuka kama paka anavyoruka dimbwi.

Kwani "kukaribia mno" ni mita ngapi? Hebu tupige hesabu, si ngumu.

Gari ikienda kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Ikienda 60 inakula karibu mita 17. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde 1 tangu jicho lione manjano mpaka mguu ufike kwenye breki, na sekunde hiyo yote gari inakwenda vile vile, haijapungua chembe. Baada ya hapo ndiyo breki inaanza kazi. Breki ya kiungwana, ile isiyommwagia bibi wa kiti cha nyuma kapu lake la samaki, kwa 40 inataka mita 15 na ushei, kwa 60 inataka 35. Jumlisha: kwa 40 unahitaji mita 27 kusimama, kwa 60 unahitaji 52.

Taa ya manjano yenyewe kwa kawaida hukaa kama sekunde 3. Kwa sekunde 3, gari ya 40 inakwenda mita 33. Ya 60 inakwenda mita 50.

Sasa zitazame namba hizo pamoja. Kwa 40, aliye mbali zaidi ya mita 27 anaweza kusimama, na aliye ndani ya mita 33 anaweza kuuvuka mstari kabla ya nyekundu. Popote taa itakapomkuta ana njia, moja au nyengine. Kwa 60 anahitaji mita 52 kusimama, na sekunde zile 3 zinamfikisha mita 50 tu. Kuna mita 2 hapo katikati ambazo akiwemo ndani yake hana la kufanya kwa salama: akikanyaga breki ya kiungwana anauvuka mstari, akienda anaingia na nyekundu. Tuuite ukanda wa kizungumkuti. Mita 2 utasema si kitu. Mletee mvua ya masika, breki inahitaji mita 46 badala ya 35, na ukanda unakuwa mita 13. Lami ikiwa kavu lakini simu imo mkononi, ile sekunde 1 ya kuona na kukanyaga inakuwa 2, na ukanda unafika mita 18. Mchanganyie mvua na simu, halafu tuulizane kwa nini gari imeingia katikati ya mataa na nyekundu na dereva anaapa kwa Mungu kwamba "ilikuwa manjano". Pengine hasemi uongo. Aliingia kwenye ukanda kwa spidi yake mwenyewe, na alipoingia mlango ulishafungwa nyuma yake.

Kwa hivyo mwanafunzi hafai kufundishwa rangi. Afundishwe alama ya kuamulia.

Kazi yenyewe inaanza kwa miguu. Mpeleke mwanafunzi penye mataa siku asiyoendesha, asimame pembezoni na saa ya simu, apime manjano inakaa sekunde ngapi. Apime mara kumi. Halafu, njia ikiwa tulivu, atembee ukingoni kutoka kwenye mstari wa kusimamia kurudi nyuma, hatua 40 za kawaida za mtu mzima, ambazo ni kama mita 30. Hapo alipofika atafute kitu kisichohama: nguzo ya umeme, mwembe, mlango wa duka. Gari iliyoegeshwa haifai, kesho haipo. Hiyo ndiyo alama yake kwa spidi ya 40. Taa ikigeuka manjano kabla hajaifikia, anasimama. Ikigeuka ameshaipita, anakwenda zake kwa mwendo ule ule, bila ya kuongeza mafuta. Maamuzi yameshafanyika, kichwa hakina tena la kubishana na mguu.

Kwa kilomita 30 alama iwe hatua 30, kwa 50 iwe hatua 50. Ni rahisi kukumbuka, na hesabu inakubali kama manjano ni ya sekunde 3. Kwa 60 haikubali tena, umeshaona mwenyewe. Mvua ikinyesha usishughulike na kuhamisha alama kwa ajili ya 40, teremka mpaka 30 tu, na hasa mvua ya mwanzo baada ya kiangazi, maana inayaelesha yale mafuta na vumbi yaliyolala juu ya lami na barabara inateleza kuliko itakavyoteleza baada ya saa nzima ya mvua.

Kuna na kijani. Wapo wanaodhani kijani ni kijani. Ipo kijani mbichi, uliyoiona kwa macho yako ikiwaka sasa hivi, na ipo kijani kuukuu, uliyoikuta inawaka ulipochomoza kwenye kona. Mbichi ina umri mbele yake. Kuukuu hujui imebakisha nini, basi iendee kama itakufa mbele ya pua yako: kama mita 100 kabla, tazama kioo cha nyuma, toa mguu kwenye mafuta, uweke juu ya breki bila ya kuikandamiza. Kufanya hivyo tu unaokoa nusu sekunde, na nusu sekunde kwa 40 ni mita 5 na zaidi, urefu wa daladala nzima. Kijani kuukuu inajitangaza pia: foleni ya upande mwengine imekuwa ndefu, bodaboda wa huko wameanza kunyonga mafuta, taa ya waenda kwa miguu imeanza kumetameta. Penye mataa yenye namba za kuhesabu ndiyo umerahisishiwa kabisa, ingawa wengine namba hizo wanazifanya mbio za ngalawa.

Haya, najua mtasema. Daladala ya Fuoni iko nyuma, mita 3 kutoka kwenye bampa, utingo anapiga bodi, nikisimama ataniingia. Nakubali, shingo upande. Kusimama ghafla mbele ya mtu kama yule kuna hatari yake, na wanaosema mwenda pole hajikwai hawajagongwa na daladala. Lakini dawa yake haiwi kukimbia manjano. Dawa ni kumpa habari mapema: ukishaiona kijani kuukuu na ukamuona kwenye kioo, gusa breki kidogo mara mbili ili taa zako za nyuma ziwake kabla hujahitaji kusimama, na punguza mwendo taratibu ili alama yako uifikie kwa 30. Kwa 30 unaweza kusimama ndani ya mita 17 lami ikiwa kavu, na yeye pia anaweza. Kioo kabla ya breki, kila mara. Mwanafunzi anayekumbuka kioo baada ya breki anatazama tu nani anakuja kumgonga.

Tatizo jengine ni malezi yetu. Unguja imelelewa na kiplefti. Penye kiplefti unatazama kulia, mnapeana macho, huyu anatoa mkono, yule anapunguza, mnapita. Adabu nzuri, na mzunguko wa Michenzani haungeweza kuishi bila yake. Mataa hayana mazungumzo hayo, na kwa vile yako machache, mtu anaweza kumaliza masomo yake yote akiwa ameyakuta mara za kuhesabika, na kijana aliyejifunzia vilima vya Wete au Mkoani kule Pemba akishuka boti Malindi akakabidhiwa gari anayakuta akiwa peke yake. Anafanya alichozoea, anamtazama dereva mwenziwe usoni kutafuta ruhusa. Mwenziwe anatazama taa.

Nyekundu haina mengi. Simama nyuma ya mstari, si juu ya pundamilia, kuna wazee na kuna watoto wanatoka chuoni na juzuu zao. Ukiwa kwenye foleni, simama mahali unapoona tairi za nyuma za gari iliyo mbele zikigusa lami, ili ikizimika uwe na nafasi ya kuikwepa. Gari ya oto hutambaa yenyewe ukilegeza breki, na simu ndiyo inayolegeza mguu. Kwa hivyo vuta hendibreki.

Kijani ikiwaka, kulia, kushoto, kulia tena, ndipo uondoke. Yule wa upande wa pili aliyeamua kukimbia manjano yake anafika sasa hivi, na wewe wa mbele ndiye unayempokea. Mwenye honi nyuma yako acha apige, honi haivunji mbavu.

Kukata kulia kunataka maneno zaidi kidogo. Ukiingia kati kusubiri wanaokuja waishe, tairi za mbele ziwe zimenyooka. Zikiwa zimeshakatwa kulia na mtu akakugonga nyuma, gari inasukumwa moja kwa moja mbele ya wanaokuja. Na usiingie kabisa kama huko unakotaka kutokea kumejaa, maana taa itabadilika uko katikati umeziba pande zote nne, na hapo ndipo matusi ya Kiswahili yanapopata lahaja mpya. Kukata kushoto, tazama kioo cha kushoto na ugeuze shingo: tangu ulipokuwa umesimama, vespa mbili na baiskeli yenye shehena ya majani zimeshapenya ubavuni.

Trafiki akisimama kati, mkono wake unaishinda taa, hata taa ikiwa kijani na yeye amekuzuia. Umeme ukikatika na mataa yakazimika, na waliokuwepo Unguja wakati kisiwa kilipokaa gizani miezi 3 kuanzia Disemba 2009 hawahitaji kuambiwa kwamba unaweza kukatika, basi hapo hakuna mwenye haki ya kupita bila ya kusimama. Simama, tazama pande zote, pita mmoja mmoja kwa mwendo wa kutambaa. Usijifanye ni kiplefti, hakuna kisiwa katikati cha kumlazimisha mtu apunguze mwendo.

Na jua. Anayetoka Fuoni kuja mjini jioni anapigwa na jua usoni, na taa ya nyekundu yenye jua nyuma yake inafanana na taa iliyozimika. Futa kioo cha mbele ndani na nje, shusha kizuia jua, na kama huioni rangi chukulia ni nyekundu. Ramadhani ndiyo balaa zaidi, dakika 20 kabla ya adhana ya Magharibi kila mtu ana njaa, ana kiu, ana mkate wa kumimina kwenye kiti cha pembeni, na manjano yote yanageuka kijani kwa nguvu ya futari. Tende 3 kwenye gari zinatosha kufungulia pale pale kwenye foleni, na hakuna aliyewahi kukatazwa.

Kama wanaotahini wangenisikiliza, wangeacha kuuliza maana ya rangi tatu. Wangempa mtahiniwa swali moja tu: unakwenda 50, mvua imeanza sasa hivi, mbele kuna kijani uliyoikuta inawaka, nyuma una daladala imekubana. Unafanya nini kwanza, unashuka spidi ngapi, na mwisho wa kusimama ni kwenye nguzo ipi? Atakayejibu "manjano jitayarishe" arudi wiki ijayo, na aje kwa miguu.