Datsun 240Z: bati libaki au faiba iingie?

Rafiki yangu wa Mombasa anafufua Datsun 240Z ya mwaka 1972, gari la spoti la kampuni ya Nissan. Majuzi fundi wake wa bodi aliigonga fenda ya kushoto kwa ncha ya bisibisi, pale nyuma ya gurudumu, na bisibisi ikapita mpaka ndani. Chini ya rangi palikuwa na fila, ile pati ya kuzibia mashimo ya bodi, nene kama kidole, na chini ya fila hapakuwa na bati tena, bali unga wa kutu uliomwagika sakafuni. Fenda ya kulia nayo ilikuwa imeanza. Tangu siku hiyo tuna mjadala mmoja tu: aweke fenda za bati, za faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo) au za kaboni (plastiki yenye nyuzi za kaboni)? Na kwa kuwa kazi imeshaanza, mbona asimalizie na boneti, milango na mlango wa nyuma, gari lote liwe jepesi?

Nimewasikiliza wa kila upande, nimeshika vipande vyenyewe, na nimepiga hesabu. Naamini faiba ina nafasi yake halali kwenye gari hili, ila sababu inayotajwa zaidi, yaani uzito, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Kwanza gari lenyewe. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 ikiwa na injini ya silinda sita za mstari mmoja, cc 2,393, na uzito wa kilo 1,044 hivi. Huku kwetu ina heshima ambayo magari machache ya spoti yanayo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Mashindano yale ya wakati wa Pasaka yalikuwa ya zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi, matope na mawe. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za Pasaka zile akisikia kwamba fenda ya 240Z inatupwa iwekwe plastiki, anaumia kweli, na maumivu hayo hayastahili kudharauliwa.

Wanaotetea bati wana hoja nzito. Bati likigongwa linapinda, halipasuki, na fundi mwenye nyundo, kibao na mkono mzuri atalirudisha. Linachomelewa. Fundi wa kulirekebisha yupo Kisumu, yupo Tanga, yupo Bukoba. Na soko linaheshimu uhalisi: Januari 2020, katika mnada wa mtandaoni huko Marekani, 240Z moja ya 1971 iliuzwa kwa dola 310,000, na kilichoipandisha bei kiasi hicho ni kwamba ilikuwa imetembea kidogo na kubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani. Anayetaka kushindana katika mbio za magari ya kale zinazosimamiwa kwa hati za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, naye hana uhuru mkubwa, kwa sababu gari hutakiwa kufuata maelezo ya zama zake, pamoja na malighafi ya bodi. Ukiweka boneti ya kaboni ambayo gari la aina yako halikuwahi kuruhusiwa wakati ule, umejifungia mlango.

Ila wakisema kwamba faiba ni kitu kigeni kwenye gari hili, hapo siwafuati. Nissan wenyewe waliitumia. Fairlady 240ZG ya 1971, toleo la gari hili lililouzwa Japani, ilikuwa na pua ndefu ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, na vipanuzi vya fenda vilivyopigwa riveti waziwazi juu ya bati. Kabla yake kulikuwa na toleo jingine, Z432R, iliyotengenezwa chache sana kwa ajili ya mashindano, yenye bati jembamba zaidi, boneti ya faiba na madirisha ya akriliki. Januari hiyohiyo ya 2020, Z432R moja ilipigwa mnada Tokyo kwa yeni milioni 88.5. Kwa hiyo faiba haishushi thamani kwa kuwa ni faiba. Inaishusha pale isipokuwa sehemu ya historia ya gari husika, na gari la rafiki yangu si Z432R wala halitakuwa.

Sasa uzito. Watu husikia kwamba chuma kina uzito wa gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo na faiba ya kupaka kwa mkono gramu 1.5 hivi, wakakimbilia kusema gari litakuwa jepesi mara tano. Hesabu haiendi hivyo. Chuma hukataa kupinda kwa zaidi ya mara ishirini kuliko faiba ya aina hiyo, kwa hiyo faiba lazima iwe nene ili isilegee kama kadibodi. Bahati nzuri, ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda hupanda haraka sana unene unapoongezeka: unene ukiwa mara mbili, ukinzani unakuwa mara nane. Ndiyo maana faiba ya milimita 3 inaweza kusimama mahali pa bati la milimita 0.8 bila aibu. Lakini tazama mizani. Mita moja ya mraba ya bati hilo ni kilo 6.3, na ya faiba hiyo ni kilo 4.5. Umepata chini ya theluthi. Kaboni ya milimita 1.5 ingekuwa kama kilo 2.3, na hapo ndipo tofauti inaonekana. Boneti huongeza faida kidogo, kwa sababu ile ya bati ina fremu nzima ya ndani, na ya faiba huwa na mbavu chache tu.

Tuseme fenda mbili, boneti na mlango wa nyuma vimekupunguzia kilo 30. Ni chini ya asilimia 3 ya gari zima. Tangi la 240Z linabeba lita 60. Ukitoka nyumbani na robo tangi badala ya tangi kamili, umeacha nyuma kilo 33 za petroli, na hukununua chochote. Kwa dereva wa mbio asilimia 3 ni kitu kikubwa, hasa uzito ukitoka mbele na juu, mahali unapolisukuma gari nje ya kona. Yeye atakusanya kilo mbili hapa na tatu kule mpaka saa ya mbio imuitikie. Lakini anayetaka kwenda Malindi Jumamosi na kurudi Jumapili hatausikia uzito huo, na anayemuuzia faiba kwa ahadi ya mwendo hamtendei haki.

Kinachonifanya niipe faiba nafasi ni kutu. Fenda ya 240Z ina mfuko nyuma ya gurudumu ambamo tope hujikusanya na kukaa na unyevu. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani, na bati halina pa kukimbilia. Fenda nzuri za bati za zamani zimekuwa adimu na ghali, na zile mpya za kuigiza huhitaji kazi nyingi kabla hazijakaa sawa na mlango. Faiba haili kutu. Na hapa pwani kuna mafundi wanaotengeneza boti za faiba, watu wanaojua mkeka wa nyuzi za kioo, resini na hadena ya kuigandisha kama mpishi anavyojua nazi na binzari. Fenda ya faiba ikipasuka Mombasa, aliyezoea kuziba tumbo la boti ataiziba.

Kuna jambo ambalo mjadala wetu ulichelewa kulifikia, nalo ni kwamba vipande vya bodi havifanani kazi. Kwenye 240Z bodi lenyewe ndilo chesisi. Paa, vizingiti vya chini ya milango na fenda za nyuma vimechomelewa na vinabeba mzigo, na anayekata bati la pale aweke faiba amekata mfupa. Fenda za mbele na boneti zimefungwa kwa bolti. Ukizifungua leo na kuzirudisha kesho, gari halijui. Kwangu huo ndio mstari: kinachofunguka kwa spana kinaweza kujadiliwa, kilichochomelewa kiachwe.

Milango inafunguka kwa spana, lakini siikubali ya faiba kwenye gari la barabarani. Mlango ndicho kitu pekee kilicho kati ya nyonga yako na bampa ya daladala inayotoka pembeni. Mlango wa 1972 si imara kwa vipimo vya leo, sawa, lakini wa faiba tupu ni pazia. Gari la mbio huwa na keji ya mabomba yenye nguzo zinazopita mlangoni, ndiyo maana dereva wake anaweza kuuvua uzito huo. Rafiki yangu hana keji, na ana binti wa miaka tisa anayekaa kiti cha kushoto. Sikuhitaji hesabu zaidi ya hiyo, na yeye pia hakuhitaji.

Boneti ilitugombanisha. Ya 240Z ina bawaba mbele, karibu na grili, na kufuli iko nyuma karibu na kioo, kwa hiyo upepo hauwezi kuifungua ikakurukia usoni kama ilivyo kwa magari mengi. Hiyo ni faraja kwa anayetaka boneti nyepesi. Lakini boneti ya faiba iliyotengenezwa kwa haraka hutetemeka katikati gari likikimbia, na hupasuka palepale inaposhikana na bawaba, hasa kama fundi hakuzamisha vipande vya chuma ndani ya faiba ili bolti zishike. Halafu kuna joto. Juu kuna jua la saa saba, chini kuna injini, na faiba hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Nafasi kati ya boneti na fenda uliyoipanga vizuri asubuhi, mchana ni nyingine. Ukipaka rangi nyeusi, joto linaweza kuiivisha resini upya, na baada ya miezi utaona alama za nyuzi zikijichora kwenye rangi. Fundi mwenye subira huianika faiba juani wiki kadhaa kabla ya kuigusa kwa praima.

Ubora ndio unaoamua yote haya, na hauonekani kwenye picha ya muuzaji. Tulipoletewa fenda ya kwanza ya faiba, fundi hakuipima kwenye gari. Aliibeba nje, akainyanyua kuelekea jua na kuchungulia kutoka ndani. Mwanga ulipita kama kwenye karatasi yenye mafuta, na ndani yake tukaona mawingu: sehemu moja nyeusi nene iliyojaa resini, nyingine nyeupe kavu ambapo mkeka haukulowa. Akachukua sarafu, akaigonga toka ncha hadi ncha. Ilikuwa ikilia kwa ukali, kisha ghafla pembeni mwa duara la gurudumu sauti ikawa butu. Tabaka zilikuwa zimeachana. Akaileta puani, nami nikanusa ile harufu kali ya resini ambayo haijaiva. Fenda hiyo ilirudishwa ilikotoka jioni ileile. Ya pili, iliyotoka kwenye kalibu bora, ilipita majaribio yote matatu, ingawa ilichukua siku mbili za msasa kukaa sawa na mlango.

Kuhusu kaboni nitasema machache, maana bei yake inatosha kuwakataza wengi. Sehemu kubwa ya kinachouzwa kama kaboni ni faiba ya kawaida yenye kitambaa kimoja cha kaboni juu kwa ajili ya macho, na uzito wake ni uleule wa faiba. Kaboni ya kweli ina tatizo lake kwetu: inapitisha umeme, na ikigusana na bolti ya chuma au alumini kwenye unyevu wa chumvi, bolti ndiyo inayoliwa, tena haraka kuliko kawaida. Anayeiweka Nairobi ana shida ndogo. Anayeiweka Nyali, pwani ya Mombasa, atenganishe kila bolti kwa washa, yaani kipete, isiyopitisha umeme, na azikague kila mwaka.

Tulichokubaliana mwishoni ni hiki. Fenda zote mbili za mbele ni za faiba. Milango ni ya bati. Boneti ya zamani ilikuwa nzima isipokuwa kona moja, kwa hiyo imekatwa kona ile, ikachomelewa bati jipya na kurudishwa. Fenda ya kulia ya bati, ambayo kutu ilikuwa imeanza tu, haikutupwa. Imekwanguliwa, imepakwa praima ya kuzuia kutu, na imetundikwa ukutani gereji pamoja na bolti zake kwenye mfuko, ili siku gari likiuzwa mnunuzi aikute.

Juzi walipowasha taa kwa mara ya kwanza, taa ndogo za ubavuni kwenye fenda zilikataa. Walibadilisha balbu, wakabadilisha fyuzi, wakafuata waya mpaka kwenye swichi. Kila kitu kilikuwa sawa. Taa zile siku zote zilikuwa zikirudisha umeme kupitia bati la fenda, na bati halipo tena. Fundi alivuta waya mfupi mweusi kutoka kwenye kila taa hadi kwenye bodi, akaubana kwa skrubu chini ya rangi safi, na zikawaka.