Mgongo wa karani nao ni mgongo

Hapa Mwanza, ukilalamika mgongo na kazi yako ni ya ofisini, utaambiwa nenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, ukaone watu wanaofanya kazi. Hoja hiyo ina uzito wake. Pale watu wanashusha magunia ya dagaa tangu alfajiri. Aliyekaa chini ya feni kule Capri Point amlilie nani? Mwajiri naye ana lake: kiti kizuri ni ghali, na wafanyakazi ni wengi.

Tatizo ni kwamba tunapima kazi kwa jasho. Kuli anaumizwa na mzigo, karani anaumizwa na kutulia. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo wa mtu mzima hazina mishipa yake ya damu. Hupata lishe zinapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapojongea. Kichwa nacho kina kilo 4 hadi 5, na kompyuta mpakato inakiinamisha kutwa nzima: ukiinua kioo kifike usawa wa macho, mikono inapanda na mabega, ukiishusha mikono ipumzike, shingo inakunjika. Zamani angalau faili lilimtoa mtu kitini kwenda masjala. Siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Humo wamo makuli na makarani pamoja, kwa hiyo takwimu hiyo haimsaidii anayetaka kuwashindanisha. Kinachonikera zaidi ni jambo jingine la shirika hilohilo: karibu asilimia 90 ya maumivu hayo hayana chanzo mahususi kinachoonekana. Hebu fikiria maana yake kwa mhasibu wa hapa mjini. Anapiga eksirei, picha inatoka safi, anarudi ofisini na karatasi ya daktari, na kuanzia siku hiyo anaitwa mdekaji. Picha safi inageuka ushahidi dhidi yake, wakati kwa wagonjwa wengi picha haionyeshi chanzo cha maumivu.

Nakubali kwamba wauza viti wanatia chumvi. Kiti cha bei mbaya ukikikalia saa nane bila kuinuka hakikuponyi. Rimu mbili za karatasi chini ya mpakato, pamoja na kibodi na kipanya vya pembeni, zinarekebisha mengi. Na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Inagusa na sehemu nyingine za kazi, ofisi zikiwemo.

Kinachobaki ni ruhusa ya kuinuka, na hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji bosi asiyeuliza "unakwenda wapi tena?" kila mtu anaponyoosha miguu hadi dirishani.